Usiku Tulioukinga Moto

Upepo wa kwetu ulianza na mlio, kama mtu anamwaga chumvi juu ya bati bila kuchoka. Mchana ungedhani umekufa. Jua likishazama kando ya jangwa la Chalbi na ardhi kuanza kupoa, ndipo ulipoamka, ukapita chini chini na mchanga wake, ukakuchapa miguu kabla haujafika usoni. Nyumba zetu zilikuwa za mikeka ya majani ya mkoma, zimesongamana, kwa hiyo sheria ilikuwa moja: giza likiingia, hakuna moto. Mzee Guyo, aliyeunguliwa na nyumba msimu uliotangulia, alizunguka kila jioni na fimbo akikagua mafiga, na ole wako akute kaa jekundu. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini upepo naujua kuliko hao wanaouchora kwenye televisheni hapa Sydney.

Msimu huo baba alikuwa safarini na lori, na mama akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo, angetosha kwenye kofia. Mkunga, Mama Tume, alimfunika shuka, akamfunika tena, lakini vumbi na baridi vilipenya mikekani, na midomo ya mtoto ikaanza kubadilika rangi. Watu hudhani jangwani hakuna baridi. Waje wakae mle na kichanga usiku wa upepo! Mama Tume alitaka mawe ya moto ayafunge kwenye nguo, amlaze mtoto katikati. Alipotafuta mwanamume wa kumtuma, akaniona mimi, wa miaka tisa.

Sijisifu, lakini wazo lilikuwa langu. Nilichimba shimo nyuma ya nyumba, nikatumbukiza humo nusu pipa la kunyweshea mbuzi, nikatia kuni na mawe. Sijawasha kiberiti, Mzee Guyo huyo, kasimama juu yangu.

"We kijana, unataka kutuchoma?"

"Mtoto ana baridi, mzee."

"Na wangu je? Wao ni kuni?"

Mama Tume akatoka, mikono bado ina damu. "Guyo, acha kelele. Wewe ni mpana kuliko mlango. Keti hapo uzibe upepo."

Mzee Guyo akaiweka fimbo chini. Nilisikia mchanga ukimpiga mgongoni. Kisha akaketi. Akamwita mkewe, mkewe akaita majirani, wakaja wakinung'unika, wakalizunguka shimo bega kwa bega, migongo nje, mashuka vichwani. Humo ndani nikawasha. Kila cheche iliporuka, kiganja kiliiwahi. Moja ilitoboa shuka la mke wa Guyo, naye akamtukana mumewe badala ya upepo. Mimi nilitambaa katikati ya miguu yao na mawe, ya moto yakienda ndani, yaliyopoa yakirudi. Hakuna aliyethubutu kuinuka hata kwenda haja, maana pengo moja lingetosha kuteketeza kijiji. Jua lilipochomoza, upepo wote wa juu ulishuka kama gunia lililopasuka, kama ilivyo ada yake kabla ya kufa, vumbi likainuka hata hatukuonana, na ndani ya vumbi lile tukamsikia yule mtoto, dada yangu, akilia kwa hasira.

"Sasa zima," akasema Mzee Guyo.

Leo nina malori yangu mwenyewe hapa Sydney, mtaa wa Smithfield, na madereva wenye vyeti vyao wananiita bosi. Mwaka huu mjukuu wangu naye alizaliwa kabla ya wakati. Nilifika hospitali nikihema. Yuko chini ya kioo, kwenye joto lisilopanda wala kushuka, hakuna chembe ya vumbi, na anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Nikamuuliza nesi, dada mmoja wa Kisumu, nilete nini, ninunue nini, nimwite nani.

"Hakuna kitu, mzee. Mashine inajua kazi yake. Wewe keti tu."

Nikaketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Nilijaribu kukumbuka ni lini tena katika maisha yangu mikono hii ilikosa kazi, nikashindwa.