Kamba Niliyompimia Kichwa

Mke wangu alipoanza kupoteza macho, nilikuwa nakamata panya. Watafiti wa chuo kikuu walikuja Kigoma kuwatafuta, nami nilitega visanduku mashambani, nyuma ya Gungu, nikawapelekea panya wakiwa hai. Walisafirishwa kwa ndege hadi chuoni, wakalazwa usingizi na kuingizwa kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya kichwa bila kukipasua.

Siku moja mtafiti, binti wa umri wa mwanangu, alinionyesha picha moja. Ubongo wa panya ulionekana wote, kama karanga iliyomenywa. Daktari alikuwa ameagiza mke wangu naye apigwe picha ya namna hiyo, lakini mji wenye mashine ulikuwa mbali, na kila alipotikiswa na gari alitapika hadi akazimia.

Nikawaza: mbona panya wanapanda ndege?

Jioni nilikata kipande cha kamba ninayofungia visanduku, nikamzungushia kichwani.

"Unanipima kaburi, mume wangu?" Akacheka. "Ngoja basi nife kwanza."

Kwetu Ujiji aliye hai hapimwi kwa kamba. Nililijua hilo, nikapima.

Kesho yake nilimwekea mtafiti ile kamba mezani, nimeifunga duara. "Kichwa cha mke wangu ni hiki. Ataingia?"

Akakunja ngumi, akaiweka katikati ya duara. Nafasi kubwa ikabaki pembeni.

"Tundu lake ni hili, baba. Ni mashine ya wanyama wadogo tu. Nisamehe."

Niliifungua kamba, nikaitia mfukoni. Nyumbani mke wangu aliuliza, "Wamesemaje?"

"Wanaangalia."

Nilimdanganya. Aliungojea uongo huo wiki tatu, kila nikiingia akigeuzia uso mlangoni. Nami niliendelea kutega. Panya mnono akinaswa nilimchukia, halafu nikampa maji, maana watafiti walitaka wafike hai.

Alipofariki, wachimba kaburi walituma mtu kuulizia urefu wake. Mwanamke mmoja kati ya waliomwosha akatoka mlangoni: "Shemeji, tupatie kamba."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikampa niliyokuwa nayo. Alirudi upesi.

"Fupi hii. Imetoka utosini, imeishia kifuani."

Nikaenda nyuma ya nyumba kukata nyingine. Kisanduku nilichokifungua kamba kilikuwa na panya ndani, anahema.