Ijumaa Arobaini na Moja

Kazi yangu ilikuwa kuwauliza akina mama habari za mimba zao zilizopita, halafu kuona kumbukumbu zao zimekosea wapi. Niliipenda kupita kiasi. Asubuhi tunachukua fomu ofisini Kinanira, tunateremka mjini, na kabla ya saa nne mimi nimeshakaa kwenye kibaraza cha mtu mtaani Buyenzi, chai ya tangawizi mkononi. Ulianza kliniki mimba ikiwa na miezi mingapi? Ulimeza vidonge vya damu? Mtoto alizaliwa na kilo ngapi? Mama akishajibu kwa kichwa chake, ndipo naomba kadi ya kliniki na kuandika ya kadi pembeni ya yale aliyosema. Mkubwa wetu wa kazi alitufundisha kwamba kadi ndiyo ukweli. Vikipishana, mama amesahau.

Basi akina mama wakasahau, wakasahau mpaka nikachoka. Na ajabu, kilo walizikumbuka barabara. Vidonge walikumbuka mpaka rangi, na jinsi vilivyowatapisha. Ila miezi, hakuna aliyepatia. Huyu anasema alianza kliniki na mitano, kadi inasema mitatu. Yule anasema minne, kadi inasema miwili. Kila mara kadi inapunguza, haiongezi hata siku moja.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja anayeuza vitenge mtaa wa Asiatique. Nilimwonyesha kadi yake kwa ubishi, maana mimi nikishika karatasi sisikii la mtu. Akaitazama, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge cha kuuza.

"We mutoto, hiyo miezi mbili nilimwambia nesi mi mwenyewe. Mimba ilikuwa ya ine."

"Sasa ulimdanganya kwa nini?"

"Nesi ni jirani. Na wifi yangu amekaa pale kwenye benchi, ametega masikio. Nitaje siku zangu mbele yao, wanihesabie, jicho la watu linipate? Apana. Unapunguza kidogo, unakaa salama. Mi sikusahau kitu. Kadi ndiyo haijui."

Nilicheka naye mpaka chai ikamwagikia fomu. Nilicheka kumshinda, na nilikuwa na sababu. Chini ya gauni langu pana, mimi pia nilikuwa na mimba, na kadi yangu katika kituo cha afya cha mtaani kwetu ilikuwa na mwezi mmoja pungufu, kwa mdomo wangu mwenyewe. Mimi, mtu wa utafiti, beji shingoni na kalamu mbili mfukoni.

Ilikuwa mimba yangu ya tatu. Mbili za kwanza nilizitangaza mapema, nikajisifu nazo, na zote zikatoka. Baada ya hapo nikaapa kwamba ya tatu hataijua mtu zaidi ya mume wangu, na tumbo likionekana, basi nitawapa hesabu ya uongo. Mume wangu ni wakala wa kutoa mizigo bandarini, mtu mkali na wenzake, lakini miezi ile alikuwa akirudi nyumbani anaimba tangu kwenye lango. Nami sikuwa na nafuu. Nilikuwa natembea njiani nahesabu kwa vidole na kucheka peke yangu, wapita njia wananipisha. Furaha ya kijinga kabisa, na sijawahi kuijutia.

Nilimwambia mkubwa wetu kwamba kadi zinadanganya na akina mama ndio wa kuaminiwa. Akaniambia niandike kilicho kwenye kadi. Nilinuna wiki nzima.

Halafu siku zangu zikatimia. Zikapita. Mume wangu alikuwa amevuka na mzigo kwenda Kigoma, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyenisindikiza kliniki. Tunakaa naye ua mmoja. Mtoto aliyekuwa akinipiga mateke mchana kutwa alikuwa amepoa tangu jana yake, anajigeuza tu, tena kwa uvivu. Nesi akasoma kadi.

"Bado wiki tatu, mama. Rudi nyumbani ukapumzike."

Kicheko chote kiliniishia. Nyuma yangu benchi limejaa majirani, na mama mkwe yuko kati yao. Nikisema kweli, nimejivua mbele ya wote kinga niliyojiwekea. Nikinyamaza, ninampeleka mtoto nyumbani wiki tatu ambazo hana.

"Dada, hiyo tarehe nilikudanganya," nikasema. "Siku zake zimeshapita."

Akaweka kalamu chini. "Zimepita ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mimi niliyehesabu kila siku, hofu ilikuwa imefuta kila kitu kichwani. Nikarudi kuanza upya kwenye kidole gumba.

"Ijumaa makumi ine na moja zimepita," mama mkwe akasema kutoka kwenye benchi. "Ramadani, siku ya tano, huyu aliacha kufunga. Nilimuona jikoni anakunywa uji, nikajua ameingia mwezini, nikajifanya sikuona. Toka siku ile mwezi haukurudi tena. Andika hivyo."

Nesi akapiga hesabu mara mbili, akanitazama, akaita teksi ya kunipeleka hospitali. Kabla ya Maghribi msichana wangu alikuwa amezaliwa, kilo tatu na nusu, ngozi imekunjamana kwa kuchelewa, analia wodi nzima inamsikia. Mashallah, sijasikia kelele tamu kama ile.

Mama mkwe alimpakata, akamsomea dua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba alikuwa anajua.

"Mi pia niliogopa," akasema. "Nilikuwa nahesabu kimya."

"Ijumaa zote hizo, mama, bila kuandika?"

"Kwani ni hizi tu? Ya kwanza ilifika Ijumaa kumi na moja. Ya pili, tisa."

Alilisema hilo huku akimfunika mtoto miguu. Miaka yote ile nilidhani nimebaki mimi peke yangu ninayezikumbuka.