Yule Mama wa Filamu Aliongea Kama Mama Yangu

Kiongozi wa vijana wa kanisa letu hapa Likasi alipata filamu ya zamani, isiyo na rangi, kuhusu watoto maskini wa mji fulani wa mbali. Wahusika wanaongea lugha ambayo kwetu hakuna anayeijua, na maandishi ya chini ni ya Kifaransa. Akaniomba nishike maikrofoni siku ya kuionyesha, niwaeleze watu kwa Swahili yetu kila kinachosemwa.

"Na ule mama ya mutoto," akaongeza akicheka, "umupatie sauti ya Kikasai. Bantu batacheka sana!"

Sikucheka. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Mama amezaliwa hapahapa Likasi, lakini Swahili yake bado imebeba Kiluba cha Kasai, lugha ya wazazi wake. Tangu utotoni, katika michezo ya kuigiza niliyoiona, sauti hiyo hupewa mchuuzi mlafi au mjinga. Nilipokuwa shule ya msingi, mama aliniletea mkate niliousahau, wenzangu wakamwigiza anavyoongea mpaka akaondoka uwanjani. Toka siku hiyo, penye watu wengi mama hunong'ona.

Nikaitazama filamu nyumbani kwanza, ili nijiandae. Mtoto anaishi na mama yake kwenye kibanda cha mabati, anaokota makaa kando ya reli. Katikati kuna sehemu ambapo mama yuko kwenye foleni ya bomba, anaomba apite mbele kwa sababu mtoto ana homa. Wanawake wengine wanarudia maneno yake huku wamebana pua, wanaangua kicheko. Maandishi ya Kifaransa yanatafsiri ombi lake tu, hayasemi kwa nini wanamcheka.

Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Sikujua neno hata moja la lugha ile, lakini kicheko kile nilikijua. Mama yule alikuwa mtu wa kuja, na sauti yake ilimfichua. Waliotengeneza filamu walitaka tusikie hivyo. Walioandika Kifaransa ndio waliowapa watu wote sauti moja, mwenye nyumba na mpangaji, mwenyeji na mgeni.

Basi nikaamua kumpa sauti ya Kikasai kweli, ila ya mama yangu, jinsi anavyoongea nyumbani akiwa hana wasiwasi.

Ilionyeshwa Jumapili mchana, baada ya ibada. Tulifunika madirisha kwa vitenge. Watu walijaa: wachimbaji, wauzaji wa soko, wafanyakazi wa machimbo ya Kakontwe. Mama yangu alikaa karibu na mlango. Sikuwa nimemwambia kitu.

Mama wa filamu alipotokea akimwita mwanawe, nikasema kwa sauti ya mama yangu: "Muana wanyi, kuya hapa. Minye siko na kitu ya kukupatia leo, lakini kuya."

Ukumbi mzima ukacheka. Kiongozi wa vijana akaninyanyulia kidole gumba. Sikubadilisha sauti. Nikaendelea naye alipofua nguo za watu, alipomkatalia mwenye nyumba, alipomfundisha mtoto kusoma kwenye gazeti la kufungia samaki. Kicheko kikapungua, kisha kikakoma.

Tulipofika bombani, wanawake wa filamu wakaanza kumwigiza. Nikawaigiza na mimi, kwa ukali uleule. Ukumbini hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa Kakontwe, ambaye kwao ni kwa Babemba, si Kasai, akasimama akapiga kelele: "Muache mama! Iko na mutoto mugonjwa!"

Watu wakamuunga mkono kwa kelele.

Filamu ilipokwisha, mzee huyo alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni, akampa mama mikono miwili. "Moyo, mamu," akamwamkia, kwa lugha yetu. Mama akamwitikia, na hakunong'ona.

Kiongozi wa vijana alikuja kwangu. Akasema kwa aibu, "Minye nilisema bitachekesha."

"Bilichekesha," nikamwambia. "Kisha bikaisha."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi mbele, akamwomba mama afunge mkutano kwa maombi. Nilidhani atakataa. Mama alisimama, akajifunga kitenge vizuri, akaomba kwa Kiluba kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sauti iliyofika nje barabarani. Aliwaombea watoto wote wasio na chakula, wa huku na wa kule. Wengi hawakuelewa maneno, lakini kila aliposhusha pumzi waliitikia amina.

Mimi nilikuwa bado nimeshika maikrofoni iliyozimwa. Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza yule anayeomba ni nani.

"Ni mama yangu," nikasema, na nikasema kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, watu wa viti vya mbele wakageuka kunitazama.