Dod Lumgair na Nundu ya Bibi Grizel

Dod Lumgair ameutunza uwanja wa gofu wa Auchmeddie, kijiji chetu cha pwani, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda wote huo sijamwona hata siku moja akipiga mpira ukaenda alikotaka. Akiulizwa husema mpishi si lazima awe mlafi. Ni mtu mrefu, mwembamba, masikio yamemwiva kwa upepo wa bahari, na hutembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano. Kanisani hukaa benchi la mbele yangu. Mahubiri yakianza husinzia, lakini wimbo wa mwisho ukitajwa yeye ndiye wa kwanza kusimama, na huimba vizuri, kwa hiyo sisi tumemsamehe na naamini Mungu naye amemsamehe.

Mimi napika supu na skonsi, vile vimkate vya chai, katika nyumba ya klabu. Kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe, isipokuwa yale ya kilimani, ambayo nilisimuliwa na watu saba kwa namna saba.

Uwanja wetu haukuchorwa na fundi. Kondoo ndio waliouchora. Walikuwa wakijificha upepo vibondeni, watu wakafuata njia zao, na pale kondoo walipokula nyasi zikabaki fupi ndipo mashimo yakachimbwa. Unatoka mlangoni mwa klabu, unaandama ufuko mashimo tisa mpaka mdomo wa mto, kisha unageuka na kurudi nyumbani kwa tisa mengine. Kwenye shimo la sita kuna kilima cha mchanga kilichoota majani, tunakiita Nundu ya Bibi Grizel. Zamani bibi huyo alikuwa akianika mashuka yake hapo, na hakuna mcheza gofu aliyethubutu kumwambia ayaondoe. Ukisimama kupiga, shimo hulioni. Unarusha mpira juu ya Nundu, unaomba, unapanda kuufuata. Waliotangulia wakishamaliza na kuondoka, hugonga kengele iliyoko ng'ambo, nawe ukajua njia ni nyeupe.

Sasa, Bwana Wedderspoon, Kapteni mpya wa klabu, vuli iliyopita aligonga kengele halafu akabaki palepale anamalizia pai yake ya nyama. Mpira ukaja ukamkuta pale anapokalia. Hakuumia sana, ila kwa majuma mawili alikunywa chai yangu akiwa wima. Tangu siku hiyo akawa anasema Nundu ni hatari kwa watoto na wazee. Akaleta pendekezo: lije tingatinga, kilima kisawazishwe, na mashimo yapangwe upya yanyooke, ili mtu aone kila kitu tangu mwanzo. Kura ikapangwa Jumamosi ya kwanza ya Aprili.

Dod hakupinga kwa mdomo, maana mdomo wake si wa mikutano. Aliacha kula tu. Dod akirudisha bakuli la supu ya samaki wa moshi likiwa nusu, ujue kuna msiba. Aliniambia kwamba Nundu ikienda, naye anakwenda, kwa sababu hatabakiwa na uwanja wa kutunza, atabakiwa na zulia.

Wiki hiyohiyo mpwa wake Rhona akaja kutoka Dundee. Rhona hutengeneza gemu za kompyuta. Mji ule zamani kila nyumba ilikuwa na mtu wa kiwanda cha magunia, siku hizi kila nyumba ina mtu wa gemu. Gemu yake ilikuwa ya kondoo dume aliyepotea anayetafuta njia ya kwao. Kuitazama ilikuwa nzuri mno, mpaka manyoya ya kondoo yalipepea. Lakini kila aliyejaribishwa aliiacha baada ya dakika kumi. Mmoja alinyanyuka akaenda kuosha vyombo, na hakuna aliyemtuma.

Dod akamuuliza kondoo huyo anaanzia wapi. Rhona akasema anaanzia kwenye jabali, na mbwa mwitu watatu wanamngoja.

"Mtu hata koti hajavua, umeshamfungulia mbwa?"

"Mjomba, ni ili achangamke."

"Atachangamka kuelekea mlangoni. Vaa buti, twende."

Wakazunguka uwanja mzima kwa miguu. Dod, ambaye kwa mwaka mzima huniambia labda maneno mia, siku ile aliongea mpaka sauti ikamkauka. Alimwonyesha shimo la kwanza, njia yake pana hata mimi na mwiko wangu siwezi kuikosa, kwa sababu mgeni kwanza hukaribishwa. La pili humuuliza kijiswali. Hakuna kibao wala mshale, ila kwenye la nne mnara wa kanisa hujitokeza kati ya vilima viwili, na kila mtu huulenga bila kuambiwa. Baada ya shimo la mbali la kuchosha huja la karibu la kuchekesha. Upepo unaokusukuma mgongoni ukienda ndio utakaokuzaba makofi ukirudi, basi usijisifu mapema. Na toka shimo moja mpaka mahali pa kuanzia jingine ni hatua kumi na mbili tu, maana mtu akitembezwa bure huanza kukumbuka alichotumwa na mkewe.

Walipofika kwenye Nundu, Rhona akauliza kwa nini wasiikate kweli, kama Kapteni alivyotaka. Mtu haoni kitu.

"Ndiyo maana wanapanda," Dod akasema. "Nani atapanda mlima kutazama kitu alichokwisha kukiona?"

Rhona aliketi kwenye majani yaliyolowa, akaandika mpaka wino ukamwishia.

Mambo yangekwenda salama kama si Jumatatu ya mwisho ya Machi. Siku hiyo kwetu uwanja huchezwa kinyumenyume. Unatoka mlangoni unalenga shimo la kumi na saba, kisha la kumi na sita, hivyohivyo mpaka umalize, ili zile sehemu zinazokanyagwa mwaka mzima zipumzike. Ni desturi ya tangu babu zetu. Rhona aliposikia alimshika mjomba wake mabega: ardhi ileile, gemu mbili! Dod akamwambia asimtikise, yeye si mti wa matunda.

Kumbe mwaka huu Kapteni alikuwa ameifuta desturi hiyo. Aliandika barua nzuri, akaibandika kwenye ubao wa klabu. Lakini Auchmeddie hakuna anayesoma ubao wa klabu. Tangazo la maana huwekwa dirishani kwa muuza samaki. Dod hakuiona barua, akaugeuza uwanja kama kila mwaka. Mimi niliiona, Mungu anisamehe, nikadhani ni ile ya siku zote kuhusu viatu vya matope.

Basi Jumatatu watu arobaini wakacheza kinyumenyume, na Kapteni akacheza kwa mwendo wa kawaida, yeye na mabwana wawili wa tingatinga aliowaleta wapime kilima. Walikuwa juu kabisa ya Nundu, Kapteni amenyoosha mkono anawaonyesha pa kukata, pale Mchungaji wetu alipopiga mpira kutoka ng'ambo. Mchungaji anasema hajawahi kupiga vizuri namna ile maishani mwake. Mpira uliichukua kofia ya Kapteni ukaenda nayo. Mmoja aliniambia kofia ilianguka baharini, mwingine akaapa kwamba shakwe aliidaka. Wote wanakubaliana Kapteni alisema nini: "Mmeona wenyewe. Kilima hiki kitaua mtu."

Jioni ile hata waliokuwa upande wa Dod walianza kukuna vichwa. Dod alijua kosa ni lake. Nikamwambia nusu ni langu. Akasema kosa si skonsi, halikatwi nusu.

Jumamosi wakaja wanachama ishirini na watano. Mimi niliombwa nihesabu mikono, kwa kuwa si mwanachama, na kwa kuwa skonsi zikibaki mbili husema zimebaki mbili. Kila mtu alijua hesabu kabla sijaanza. Kumi na wawili walitaka tingatinga, kumi na wawili hawakulitaka, na wa mwisho alikuwa Kapteni. Dod alikaa karibu na mlango ameshika kofia yake, kama mtu anayengoja daktari atoke.

Kabla ya kura Rhona aliomba aweke gemu yake mezani. Alisema ametengeneza njia mbili za yule kondoo, moja imenyooka kama anavyotaka Kapteni, nyingine ina kilima, na ni haki Kapteni ajaribu. Kapteni akacheka, akakishika kile kidude cha kubonyeza. Akamwendesha kondoo kwenye njia iliyonyooka. Akafika. Akauliza, "Ndiyo imekwisha?" Nikaona amepiga miayo, ila akaifunika kwa heshima.

Halafu akaanza ya kilima. Kondoo akapanda, akateleza, akarudi chini. Akapanda tena. Ng'ambo kulikuwa na sauti ya kengele, ikilia kidogo kisha ikinyamaza. Kapteni akasogeza kiti. Akavua koti. Waliokuja kupiga kura wakajaa nyuma yake wakimfundisha, kushoto, kulia, hapo pana matope, mzee wa watu, huoni matope? Akawaambia wanyamaze, kondoo ni wake.

Saa ya kura ikafika. Nikasema wanaotaka kilima kiondolewe wanyooshe mikono. Kumi na wawili.

"Kapteni, na wako?"

"Ngoja kidogo, Dada, huoni mikono imeshikwa?"

Sikutaka adhulumiwe. Nikaisali Baba Yetu moyoni yote, polepole, mpaka amina. Kondoo aliteleza mara mbili. Mkono haukuja. Basi nikasema wanaotaka kilima kibaki wanyooshe, nikahesabu, nikafika kumi na wawili, na palepale kondoo akafika kileleni. Ng'ambo ikafunguka yote, bonde, kundi la kondoo, moshi wa nyumba. Kapteni akaruka kutoka kitini, mikono yote miwili juu.

Mchungaji akanong'ona kwamba hizo ni kura kumi na nne. Lakini mimi nitajibu mbele ya Mungu kwa kila mkono nilioandika, kwa hiyo nikamwuliza.

"Kapteni, huu mkono ni wa kura, au ni wa furaha?"

Akatazama kioo cha gemu. Akatazama watu. Akamtazama Dod, ambaye alikuwa ameikunja kofia yake mpaka imekuwa kama chapati. Mikono ilikuwa bado juu, kama amesahau inavyoshushwa.

"Andika mmoja," akasema. "Wa pili ni wa furaha."

Nikaandika kumi na tatu. Kisha akaketi, akamuuliza Rhona yule kondoo anapitia wapi kufika kwenye ule moshi.