Nilinyanganya watu kreti ya bière

Nacheka nikikumbuka, lakini jana nilitamani kupotea. Kaka yangu mukubwa, Fidèle, alikubali kuacha pombe, donc nikamuvuta mpaka kanisani, kwa paruwasi, kwenye mukutano ya wenye wanaacha. Mulango ya kwanza, tukakuta watu wameketi, kila mutu anasimama, anajitambulisha. Bon, nikajua ni hapa. Nikasimama: "Huyu ni Fidèle, siku tatu hajagusa pombe!"

Wakaangaliana. Nikafikiri wameguswa.

Mama moja akaingiza kreti ya bière, pombe tupu. Hasira ikapanda, nikamunyanganya. "Munataka kumuua kaka yangu?"

Muzee moja akasema polepole, "Mwana, sisi tunapanga harusi. Wenye kuacha pombe wako mulango ya pili."

Fidèle akakimbilia kule mwenyewe, akaniacha nimekumbatia kreti.