Niliona Magugu Tu

Nakumbuka likizo moja ya Januari, mwanangu. Nilirudi kutoka shule ya bweni nikakuta shamba la mama hapa Igowole limejaa majani katikati ya mahindi. Mwalimu wa kilimo alikuwa ametufundisha kwamba mmea wowote ambao mkulima hakuupanda ni gugu, na neno hilo nilikuwa nimelikariri kuliko sala. Mama alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake. Nikashika jembe, na kwa siku mbili nikasafisha mpaka ukabaki udongo mwekundu na mahindi. Nilijiona wa maana kweli.

Mama aliporudi hakunigombeza. Alipika ugali, akaweka chumvi kwenye kisahani, tukakaa kula.

"Mboga iko wapi?" nikauliza.

"Umeing'oa, mama. Maboga bado madogo. Ile ndiyo ilikuwa itufikishe Machi."

Kisha akaniambia nimtajie mboga alizokuwa akinituma kuchuma nilipokuwa mdogo. Nikazitaja kwa Kihehe bila kusita: ile chungu, ile ya kuteleza, ile inayotaka karanga, hata kishona nguo, kile cha mbegu za kunasa kwenye nguo, kikiwa kichanga. Nikafika saba.

"Na juzi shambani uliona ngapi?"

"Niliona magugu tu."

Mdogo wetu wa mwisho akasukuma tonge lake kando, akalia. Tulikula ugali kwa chumvi wiki nyingi, na mpaka leo naona haya.

Sasa wewe umefika leo kutoka chuo Mbeya na bomba la dawa ya kuua magugu mgongoni. Hata chai hujanywa, unaniambia, "Bibi, shamba lako chafu." Nikakuuliza uchafu gani. "Majani." Majani gani? "Majani tu, Bibi." Hilo "tu" limenichosha, mwanangu. Nyumba nzima siku hizi ni majani tu, ndege tu, miti tu, halafu mnashangaa hamna mnachokiona.

Sikukatazi maneno ya chuo, yana kazi yake. Lakini neno moja likimeza majina saba, jicho nalo linaacha kutafuta. Kwa hiyo, kabla hujapuliza, pita shamba lote unitajie kila mmea. Usioujua jina, usiuue. Niulize ningali hai.

Mungu akubariki, akupe shamba la kushibisha wanao, na wanao wakujue kwa jina. Sasa tua hilo bomba. Tunaanzia mstari wa kwanza.