Elektroni Tatu Nilizozaa Homa Bay

Aibu hii sijawahi kuisimulia yote, hata mama yangu kule Isebania anaijua nusu tu, lakini leo acha niitoe, mcheke mmalize.

Mwalimu Oyoo alinifundisha fizikia sekondari Homa Bay, mtu mrefu, mpole, aliyetuonyesha umeme kwa betri za tochi na nyaya alizochomoa kwenye redio yake mwenyewe (mkewe alilalamika mpaka akachoka), na ni yeye aliyenisukuma mimi Boke, binti wa muuza mahindi, mpaka nikafika chuo kikuu. Basi alipostaafu, shule ikaniita niseme shukrani, dakika tano tu. Mimi nikaona shukrani ni kitu kidogo, heri niwaonyeshe utafiti wangu, maana wiki iliyofuata nilikuwa naupeleka mbele ya maprofesa.

Utafiti wenyewe ni hivi: kuna vipande vyembamba mno ambavyo ukivipoza sana na kuviweka kwenye sumaku kali, elektroni haziendi katikati, zinaambaa ukingoni tu, ukingo mmoja zikienda, wa pili zikirudi. Ukibana katikati, kingo zikakaribiana, baadhi zinaruka ng'ambo na kurudi zilikotoka. Modeli yangu ya kompyuta ilikadiria ngapi zinapita na ngapi zinaruka.

Nikaonyesha grafu. Mama mmoja wa kanisa akapiga miayo. Ningekaa chini hapo hapo, lakini wapi, nikaita wageni kumi waambae ukuta wa kushoto, nikasukuma mabenchi yabane katikati ya ukumbi, nikashika maikrofoni na kutangaza kwa madaha, "Kwa modeli yangu, katika kila kumi, saba wanapita, sita wanarukia ukuta wa pili!" (Namba hizo zilikaa kwenye grafu mbili tofauti, sikuwahi kuzijumlisha.)

Wakaenda. Saba wakapita, watatu wakaruka. Nikangoja.

"Wengine wako wapi?" nikauliza, tena kwa maikrofoni, jamani.

Mwalimu Oyoo akasimama polepole. "Boke, nyara," akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, "binti yangu, walioingia ni kumi. Wewe unataka watoke kumi na watatu. Hao watatu umewazaa saa ngapi?"

Ukumbi ukalipuka. Chifu alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mimi nikakimbilia jikoni, nikajificha nyuma ya sufuria za samaki nikilia, maana nilishajua modeli nzima imeharibika.

Mwalimu akanifuata na sahani mbili za ugali.

"Kula kwanza. Halafu nieleze, mstari kwa mstari."

"Mwalimu, wageni wako wanakungoja."

"Watangoja."

Hakuijua ile hesabu, lakini aliuliza kila alama ina maana gani, na kabla wageni hawajamaliza kula tukalipata kosa: kila elektroni iliyoruka niliihesabu mara mbili, ikiondoka na ikifika. Nilirekebisha, na maprofesa wakaipitisha.

Mwaka jana tulimzika kwao Mbita. Nimeapa, nikiitwa tena kumshukuru mtu, nitafungua mdomo niseme asante, nikae chini. Siku ile mzee alikula chakula chake cha kuagwa jikoni, juu ya gunia la makaa, kwa ajili yangu, nami nilikuwa nimeshughulika sana na namba hata nikasahau kulisema neno nililoitwa kulisema.